Mhasibu wa kulipwa kila mwezi kwa sisi wa kandarasi, je pesa inarudi?

Kuna wenzangu wawili watatu wameniuliza kama kuna haja ya kulipa mhasibu kila mwezi wakati ritani, ile fomu ya kutangaza mapato na ushuru, ni mara moja tu kwa mwaka, mwisho 30 Juni. Mimi nimetumia huduma hiyo tangu Julai 2025 kwa hivyo naandika nilichokiona, jina la huyo dada siweki, nataka tuongelee kazi yenyewe.

Mimi ni mtu wa mitandao ya kompyuta, naingia ofisini kwa watu napitisha kebo, naweka ruta, narudi kuangalia kukiharibika. Sijaandikwa popote, kila kazi na mkataba wake. Miaka yote nilikuwa na jamaa mmoja wa kunifailia ritani, nampa bahasha ya risiti mwezi wa sita anajumlisha anaweka tumemaliza. Shida ilianza na ritani ya 2024. Sheria ya Fedha ya 2023 ilisema kuanzia 1 Januari 2024 gharama yoyote ya biashara ambayo haina invoisi ya eTIMS (mfumo wa invoisi za kielektroniki wa KRA, Mamlaka ya Mapato Kenya) haitolewi kwenye mapato, yaani kwa KRA ni kama hukuitumia. Yule jamaa hakuniambia hata siku moja. Mwaka mzima nikanunua vitu na risiti za kuandikwa kwa kalamu, na kufika Juni 2025 kwenye gharama za laki tatu na elfu kumi zilizokuwa na invoisi ya eTIMS zilikuwa kama elfu tisini pekee. Laki mbili na elfu ishirini zikaanguka. Mapato yangu yanafika ile ngazi ya asilimia 30, kwa hivyo hesabu ni rahisi na inauma: elfu sitini na sita za ushuru juu ya pesa ambayo ilishaenda dukani na sikubaki nayo.

Ndio nikamtafuta huyu dada. Anatoza elfu tatu mia tano kwa mwezi, anashughulika na wanaojiajiri pekee.

Kitu cha kwanza alichofanya hakikuwa hesabu, alinitumia ujumbe wa watsap mistari miwili: ukinunua kitu cha kazi taja pini yako ya KRA (namba yako ya mlipa ushuru) kabla hujalipa, halafu piga picha invoisi unitumie kabla hujatoka dukani. Basi. Mwanzoni niliona ni usumbufu lakini wiki ya pili nikanunua boksi la kebo la elfu kumi na mbili nikatuma picha, akajibu hapo hapo "ndugu yangu hapa hakuna pini yako, rudi kaunta". Nikarudi. Yule wa kaunta alinung'unika kidogo akatoa nyingine yenye pini. Dakika tano zile ni elfu tatu mia sita za ushuru, na hakuna mhasibu wa Juni angeweza kunirudishia hizo.

Na hapa ndipo naona wengi tunakosea, tunadhani kazi ya mhasibu ni ile fomu. Fomu hata wewe unaweza kujaza. Pesa yako inapotea pale kaunta ya duka siku unaponunua, na mtu anayekuja kuangalia miezi kumi baadaye atakuhesabia hasara tu.

Wale wauzaji wadogo ndio walikuwa kichwa changu cha kuuma maana mama ninayenunua kwake mabomba ya plastiki ya kupitishia waya hana mashine wala kompyuta. Dada akaniambia kwanza hahitaji mashine, kuna *222# kwa simu ya kawaida na eTIMS yenyewe ni bure, pili tangu mwisho wa Desemba 2024 sheria inaruhusu mnunuzi kumtolea invoisi muuzaji ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 5. Nilikaa na mama kwenye benchi lake tukajaribu ya *222#, akasoma namba kwa sauti mimi nikiandika, ikapita. Sasa ananiambia "leta pini" kabla sijafungua mdomo. Gharama chache hazihitaji hiyo invoisi, kama ada za benki na tiketi ya ndege, hizo sikuzijua mpaka aliponiambia.

Upande wa malipo pia amenisaidia na hapa nampa alama zote. Mteja akikulipa ada ya huduma inayofika elfu 24 kwa mwezi anakata asilimia 5 anapeleka KRA kwa jina lako, kwa hivyo kazi ya elfu themanini unapokea elfu sabini na sita, na zile elfu nne si hasara, zinatolewa kwenye ushuru wako wa mwaka. Lakini mpaka ziwe zimepelekwa kweli! Anaingia kila mwezi kuangalia vyeti vya makato kwenye iTax, tovuti ya ushuru ya KRA, akakuta mteja mmoja amenikata mara tatu na hajapeleka hata shilingi, na sheria inampa siku tano za kazi. Akaandika barua ya heshima yenye tarehe na kiasi, nikaituma, wiki iliyofuata vyeti vyote vitatu vikatokea. Mimi peke yangu ningejua Juni, na pengine huyo mteja tungekuwa tumeshaachana.

Pia alinifanya nipange bei upya. Nilikuwa nataja bei kama ya 2022, wakati sasa kuna makato ya nyumba asilimia 1.5 hata kwa sisi tusio na mwajiri, na SHIF, bima ya afya ya serikali, ya asilimia 2.75 imechukua nafasi ya ile mia tano kwa mwezi ya NHIF, bima ya zamani, tangu Oktoba 2024. Vyote viwili vinatolewa kwenye mapato kabla ya ushuru lakini pesa inatoka mfukoni kwanza, na ukitaja bei bila kuzifikiria umejikata mwenyewe.

Mabaya yapo. Mwezi usio na kazi bado unalipa elfu tatu mia tano zote, nimemwambia si haki na hajabadilisha. Karibu na tarehe 20 anachelewa kujibu, unaweza kukaa siku mbili. Niliomba nakala ya jedwali langu la gharama ikachukua wiki mbili, na hiyo ni data yangu. Neno la siri la iTax pia alitaka akae nalo, nimekataa, ninaingia mwenyewe tukiwa pamoja.

Nimepiga hesabu ya ritani ya 2025. Nusu ya kwanza ya mwaka imeharibika kwa risiti za kalamu lakini kuanzia Julai gharama karibu zote zina invoisi na pini, na KRA imesema inalinganisha ritani za mwaka huo na data ya eTIMS na ya makato, kwa hivyo kubahatisha hakupo tena. Kwa miezi sita nimemlipa elfu ishirini na moja, ushuru uliookolewa kwenye gharama pekee ni zaidi ya elfu arobaini, bado vile vyeti vitatu. Nampa nne kwa tano. Ile moja ataipata akinitumia jedwali bila kuombwa.