Niliagiza Churchill, akaja somo yake: uzoefu wangu wa kununua vitabu kwa jina la mwandishi

Nilichokuwa nakitaka ni The World Crisis, historia ya Vita vya Kwanza vya Dunia aliyoiandika Winston Churchill, yule aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza. Ilitoka kwa juzuu kati ya 1923 na 1931. Niliingia kwenye duka la vitabu la mtandaoni nililolizoea, nikaandika jina lake, na cha kwanza kutokea kikawa The Crisis, Winston Churchill. Kwenye jalada yupo mwenyewe, kofia kichwani na sigara mdomoni. Nikadhani ni kitabu kile kile, jina tu limefupishwa. Nikaagiza.

Kifurushi kilifika kwa wakati na kilifungwa vizuri, hapo sina neno. Nikafungua ukurasa wa kwanza nikitegemea manowari na makamanda, nikakutana na kijana anayeitwa Eliphalet Hopper anayefika mji wa St. Louis, Marekani, kutafuta maisha. Nikaruka kurasa kadhaa mbele: mapenzi, mawakili, mnada wa watumwa. Nikakigeuza kitabu nyuma. Wasifu unasema mwandishi aliiongoza Uingereza vitani na akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1953. Nikarudi ndani tena, na chini ya ukurasa wa jina, kwa maandishi madogo mno, nikaona mwaka: 1901.

Nilikuwa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na nadhani hata muuzaji hakujua kilichomo ndani ya gunia lake. Winston Churchill waandishi walikuwa wawili. Mmoja ni Mwingereza aliyezaliwa 1874 na kufariki 1965. Mwingine ni Mmarekani aliyezaliwa hapo hapo St. Louis mwaka 1871, akafariki 1947. Hawakuwa ndugu. Na mwanzoni mwa karne ya 20 aliyekuwa akitajwa zaidi kwenye riwaya ni huyo Mmarekani. Kitabu chake Richard Carvel cha 1899 kilinunuliwa kama njugu, hata Mwingereza akaanza kupokea pongezi za riwaya ambayo hakuiandika.

Alichofanya Mwingereza ndicho kinachonifanya nilikasirikie duka hili zaidi. Mwaka huo huo wa 1899 alimwandikia barua somo yake, kwa adabu zote, akapendekeza kwamba yeye atatia sahihi kwa jina la Winston Spencer Churchill ili wasomaji wasichanganyikiwe. Mmarekani akamjibu kwamba angekuwa na jina lingine la kati naye angelitumia, ila hakuwa nalo. Mwaka uliofuata wakakutana Boston ana kwa ana. Ndiyo maana vitabu vingi vya waziri mkuu vimeandikwa Winston S. Churchill. Ile herufi S ni makubaliano ya watu wawili waliowaheshimu wasomaji wao. Sasa nenda kwenye ukurasa wa mwandishi katika duka nililonunua: S imeondolewa, vitabu vya wote wawili vimewekwa kwenye safu moja, na picha ni moja.

Niliwaandikia huduma kwa wateja. Jibu la kwanza lilisema kitabu nilichopokea ndicho nilichoagiza, na jina la mwandishi ni sahihi. Kweli, jina ni sahihi. Niliandika mara ya pili nikaeleza kwa urefu, nikaweka na miaka ya kuzaliwa ya wote wawili. Safari hii nikarudishiwa pesa, na hapo nawashukuru. Lakini nilichokiomba hasa ni ukurasa urekebishwe, na mpaka naandika haya haujaguswa. Kwa huduma nawapa nyota mbili.

Riwaya yenyewe niliisoma hadi mwisho, na sitaki ionekane nimeilalamikia. Inasimulia miaka ya kuelekea Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, katika mji uliogawanyika. Stephen Brice ni wakili kijana kutoka Boston, anampenda Virginia Carvel, binti wa familia inayounga mkono Kusini. Sura iliyonishika ni ile ya mnada: Stephen amesimama ngazini kwenye jengo la mahakama, ana pesa chache alizoziweka akiba, anamnunua binti mmoja ili amwachie huru, huku jamii anayotaka kukubalika nayo ikimtazama. Abraham Lincoln naye anaingia hadithini kabla hajawa rais. Kuna sehemu zinakokota miguu, mazungumzo mengine ni marefu kupita kiasi, na watumwa wenyewe wamepewa sauti ndogo mno, jambo linaloumiza ukisoma leo. Bado ni kazi ya mtu aliyeujua mji wake. Nampa tatu na nusu, na inaniuma kwamba mwandishi huyu anauzwa akiwa amevalishwa sura ya mwenzake.

Baada ya hapo nikaanza kuchunguza majina mengine. Samuel Butler wapo wawili wa karne tofauti: wa Hudibras, shairi la kejeli la karne ya 17, na wa Erewhon ya 1872. David Mitchell aliyeandika Cloud Atlas siye David Mitchell mchekeshaji, ingawa wote ni Waingereza, wote wako hai na wote wanatoa vitabu.

Lakini aliyenigusa kuliko wote ni Elizabeth Taylor. Simsemi mwigizaji, namsema mwandishi wa riwaya, Mwingereza wa 1912 hadi 1975. Jina la Taylor alilipata kwa kuolewa, na riwaya yake ya kwanza ilitoka 1945, mwaka mmoja tu baada ya filamu iliyompa umaarufu yule binti mwigizaji. Maisha yake yote ya uandishi aliyapitia chini ya kivuli hicho, hadi akawa anapokea barua za mashabiki wa mwigizaji. Mwigizaji naye ameacha vitabu, kimojawapo cha mwaka 2002 kuhusu vito vyake, kwa hiyo duka la kizembe linawaweka pamoja bila shida. Ukitaka kumjua mwandishi, anza na Mrs Palfrey at the Claremont ya 1971. Mama mjane anahamia kwenye hoteli ya London wanakoishi wazee wasio na pa kwenda. Mjukuu wake haji kumtembelea, basi siku moja anaanguka barabarani, kijana asiyemjua anamwinua, na baadaye anamkaribisha hotelini huku wenzake wakiamini huyo ndiye mjukuu. Hakuna neno la kuonea huruma kitabu kizima, lakini nilikifunga nikakaa kimya kwa muda. Nyota tano, bila kusita.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tatizo hili tunalijua, maana kwa wengi jina la mtu ni lake, la baba na la babu, na majina yenyewe yanazunguka. Mohamed Suleiman Mohamed ndiye wa Kiu na Nyota ya Rehema. Said Ahmed Mohamed ndiye wa Utengano na Dunia Mti Mkavu. Muhammed Said Abdulla ndiye baba wa Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya zake, tangu Mzimu wa Watu wa Kale. Ni waandishi watatu wa Zanzibar, kila mmoja na kalamu yake: ukisoma ukurasa mmoja wa Bwana Msa na kiko chake huwezi kuuchanganya na ukurasa wa Utengano. Lakini fupisha majina yao kwa herufi za mwanzo, kisha ongeza watu wanaoandika Mohamed, Mohammed na Muhammed vyovyote vile, na mashine ya kutafutia inapotea kabisa. Nimewahi kuiona Nyota ya Rehema imewekwa chini ya jina la Said Ahmed Mohamed. Mwanafunzi anayeandaa insha atainakili hivyo hivyo.

Siku hizi siagizi kwa jina peke yake. Naangalia kwanza mwaka kitabu kilipotoka mara ya kwanza, si mwaka wa chapa hii, kwa sababu vitabu vinavyochapwa kwa oda huwekwa tarehe ya juzi hata kama vina umri wa miaka mia. Kisha nachukua ISBN, ile namba ya tarakimu 13, naitafuta mahali pengine nione inaleta kitabu gani. Vitabu vya zamani sana havikuzaliwa nayo, na hapo ndipo orodha za maktaba zinapokuokoa, kwani maktaba huweka miaka ya kuzaliwa na kufa kando ya jina. Project Gutenberg, wanaotoa bure vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha, wanafanya hivyo pia: Churchill, Winston, 1871-1947 anasimama peke yake, na wa 1874-1965 anasimama peke yake. Tarakimu nane tu, na kila mtu anapata vitabu vyake. Duka langu lingeweza kufanya hivyo mchana mmoja.

The World Crisis niliiagiza upya, kwa namba, kutoka kwa muuzaji mwingine. Juzuu ya kwanza imefika wiki hii. Kabla ya kusoma chochote nilifungua ukurasa wa jina, nikaitafuta ile herufi kwa kidole. Ipo: Winston S. Churchill.