Clos Lucé, Amboise: zitazame kuta kabla ya kumtafuta Leonardo

Wageni wengi wa jumba la Clos Lucé, mjini Amboise, Ufaransa, hupita uani mbio wakikimbilia chumba alichofia Leonardo da Vinci, mchoraji na mvumbuzi wa Italia, tarehe 2 Mei 1519. Wanakosa kilicho bora kuliko vyote pale, yaani jumba lenyewe. Litengee nusu saa ukiwa nje, kabla ya kuingia mlangoni.

Lilijengwa mwaka 1471 na Étienne le Loup, mtumishi wa Mfalme Louis wa 11 aliyepandishwa cheo. Simama uani uzione mbawa, yaani sehemu mbili za jumba. Zinakutana kwa pembe mraba, na konani pamesimamishwa mnara wa pembe nane wenye ngazi ya kuzunguka. Ngazi hiyo moja inahudumia mbawa zote bila kula nafasi ya vyumba. Ushoroba wa walinzi, uliobaki tangu enzi za kujihami, usiupite bila kuutazama.

Kisha sogea ukutani. Sehemu kubwa ni matofali mekundu, na kwenye kona na fremu za madirisha kuna jiwe jeupe liitwalo tufo. Ni jiwe la chokaa la bonde la Loire, laini kiasi cha kuchongwa nakshi bila taabu, ndiyo maana limewekwa panapotakiwa umbo safi. Ila karibu nusu ya ujazo wake ni vitundu, hivyo hunywa maji. Ukuta ukiunganishwa kwa chokaa, unyevu hutoka nje kupitia maungio. Fundi akiziba maungio kwa saruji, maji hulazimika kupitia kwenye jiwe lenyewe, na uso wake hubanduka vipande vipande. Mafundi wa Lamu na Unguja wanaujua ugonjwa huu kwenye kuta za matumbawe zilizopigwa lipu ya saruji. Kwa hiyo kagua mawe ya chini, karibu na ardhi, kwa kuwa huko ndiko tufo huanza kuharibika. Lenye kingo kali na weupe mpya kwa kawaida limebadilishwa. La zamani huwa la kijivu, kingo zimelika.

Mwaka 1490 jumba lilinunuliwa na Mfalme Charles wa 8, akamjengea mkewe, Anne wa Bretagne, kikanisa cha sala. Linganisha nakshi zake na ukuta wa 1471: miaka michache tu imepita, lakini mkono wa wachongaji umekuwa mwepesi zaidi. Ndani kuna michoro ya ukutani inayohusishwa na wanafunzi wa Leonardo, aliyefika mwaka 1516 kwa mwaliko wa Mfalme François wa 1.

Ndani ya jumba ndipo ninapopunguza alama. Sebule zenye kuta za mbao ni za karne ya 18, chumba cha kulala na karakana za Leonardo zimeundwa upya, na asiyejua anaweza kutoka akidhani vyote ni vya 1516. Handaki linalosemekana kwenda hadi kasri la kifalme la Amboise, lililo karibu, utaliona mwanzo wake tu. Chini kuna mifano 40 ya mashine iliyotengenezwa na kampuni ya IBM kutokana na michoro ya Leonardo. Watoto wataipenda, na bustani ya hekta 7 pia, ingawa hayo hayakufundishi chochote kuhusu jumba.

Stesheni ya treni iko kaskazini ya mto Loire. Vuka daraja, pita kasri la kifalme, endelea kama mita 500. Tiketi za sehemu hizi mbili ni tofauti, na kaburi la Leonardo liko kwenye kanisa dogo la Saint-Hubert ndani ya kasri, wala si Clos Lucé. Anayetaka kuliona alipe huko. Tenga saa tatu. Baada ya ua, panda moja kwa moja hadi chumba cha kulala asubuhi kabla ya makundi, kwa sababu ngazi ni nyembamba na watu wakijaa hupishani. Kigari cha mtoto usipande nacho.