Mashine ya kusafisha hewa: inafaa kwa vumbi, haimkingi mtoto na sigara ya mzazi

Mashine hii niliinunua Kariakoo, kwenye duka la vifaa vya umeme, na boksi lake lina picha ya kichanga aliyelala pamoja na maandishi yanayoahidi kwamba moshi wa sigara hautamfikia. Muuzaji alitia sigara iliyowashwa ndani ya kisanduku cha kioo, akabonyeza kitufe, na kabla hajamaliza maelezo yake moshi ulikuwa umetoweka na taa nyekundu imegeuka kijani. "Usiwe na wasiwasi dada," akasema, "shemeji avute tu sebuleni, mtoto yuko salama."

Kwa upande wa vumbi sina lalamiko. Chujio lake ni la aina ya HEPA, ambalo kwa kiwango chake hunasa asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa maikromita 0.3. Mlio wake ni mdogo, na chujio hutoka kwa urahisi unapotaka kulibadilisha.

Tatizo ni ile ahadi ya kwenye boksi. Taa ya kijani hupima chembe tu, ilhali sehemu kubwa ya sumu ya sigara ni gesi, na kaboni monoksaidi hupita kwenye chujio hilo kama kwamba halipo. Nikotini nayo hung'ang'ania mapazia, makochi na zulia, mahali ambapo mtoto anayetambaa hushika kisha akatia vidole mdomoni. Ripoti ya Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani ya mwaka 2006 ilieleza wazi kwamba hakuna kiwango salama cha moshi wa sigara ya mtu mwingine, na kwamba kusafisha hewa hakuwezi kuuondoa wote.

Madhara yenyewe hayaishii kwenye kikohozi, jambo ambalo wazazi wengi hatuambiwi kliniki. Mama akivuta wakati wa ujauzito, nikotini huvuka kondo la nyuma na kaboni monoksaidi hupunguza oksijeni inayomfikia mtoto, ndiyo maana watoto hao mara nyingi huzaliwa na uzito pungufu. Lakini tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba wanapokua ndio hao hao wanaoelekea zaidi kunenepa kupita kiasi, hali inayofungua njia ya kisukari cha aina ya pili. Lishe na kipato navyo vina mchango wao, ila uhusiano huo umeonekana hata baada ya watafiti kuvizingatia. Baba naye hayumo pembeni: watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, waliripoti mwaka 2014 kwamba wavulana ambao baba zao walianza kuvuta kabla ya kutimiza miaka 11 walikuwa, katika umri wa balehe, na mafuta mengi zaidi mwilini kuliko wenzao. Hakuna chujio la sebuleni linaloweza kurudi nyuma kiasi hicho.

Kwa nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi, naipendekeza bila kusita. Kwa anayetaka kuinunua ili aendelee kuvuta ndani, ushauri wangu ni kwamba fedha hiyo aitumie kutafuta msaada wa daktari wa kuacha sigara, na wauzaji waiondoe ile picha ya kichanga kwenye boksi.