ACPI ama divaisi tri: kerneli itajuaje nini kimeungwa?

Vijana wa laptopu hapa Mwembe Tayari huuliza mbona Linux ile ile yawaka kwa kompyuta yoyote ya Intel, lakini kwa vibodi vya ARM, prosesa za aina nyingine, kila kimoja chataka imeji yake, yaani faili lake la mfumo. Sababu ni fimwea, ile programu ya kiwandani inayoiwasha mashine. USB na PCI hazina noma, hizo zikiulizwa zajitaja zenyewe, shida ni vidude vya I2C, vile vya kuungwa kwa nyaya mbili, viko kimya tu, lazima kerneli, yaani kiini cha Linux, iambiwe viko anwani gani.

Laptopu hutumia ACPI, kanuni ya fimwea kuielezea kerneli vifaa vilivyomo, ile ya Intel, Microsoft na Toshiba tangu 1996. Fimwea yaweka majedwali kwa memori, na ndani mna kodi ya AML, lugha ya ACPI yenyewe, ambayo kerneli yaiendesha yenyewe, betri, feni, kulala, yote yaenda bila wewe kugusa kitu. Raha, ila jedwali likiandikwa ovyo kiwandani umekwisha yakhe, tachipedi yapotea na hujui uanzie wapi.

Divaisi tri, ile ya vibodi vya ARM, ni maelezo matupu ya vifaa, haina kodi, butiloda, programu inayoipakia kerneli, ndiyo yaikabidhi kerneli. Sensa ya hali ya hewa ya BME280 mathalan waandika "bosch,bme280" na anwani 0x76, basi, draiva yajishika. Ukikosea wafungua faili wasoma kwa macho yako. Kwa vibodi mimi nachukua hii, kwa laptopu wala sibishani.