Mayai ya Shule: Ununue kwa Mfugaji Yupi?

Shule ya bweni ya Kisumu yenye wanafunzi 600, ikimpa kila mmoja yai moja kwa wiki, inahitaji trei 20. Kuku wa mayai wa kisasa hutaga matano au sita kwa wiki, kwa hiyo mfugaji mmoja wa Maseno au Ahero mwenye kuku 150 anatosha. Nimepanga aina nne za wauzaji, bora akiwa wa kwanza, nikitazama kwanza maisha ya kuku, pamoja na uhakika wa kupata mayai. Bei baadaye.

1. Kuku wa sakafuni, juu ya maranda. Wanatembea, wanaparua, wanaoga vumbi, na mayai hayakatiki. Lakini banda la sakafu likiwa baya ni baya kweli, kwa hiyo lione kabla ya kusaini. Chuchumaa hadi usawa wa kuku: macho yakikuwasha, maranda yamelowa na hewa imejaa amonia, gesi kali ya kinyesi. Nenda mchana; kwa joto la Kisumu kuta ziwe fupi na juu wavu, na kuku wasiwe wanahema midomo wazi. Hesabu viota, kimoja kwa kuku watano, na utafute fito za kulalia. Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya kuku 9 kwa mita mraba. Andika hivyo kwenye zabuni. Uliza pia kama kuku wakichoka hunyimwa chakula ili waanze kutaga upya. Akikubali, aga uende.

2. Kuku wa kuachiliwa nje. Kuku mwenyewe angechagua hapa. Taabu ni ya bohari: wa kienyeji akishataga huatamia, na kuokota trei 20 boma kwa boma huko Vihiga ni kazi ya kutwa. Yanafaa jiko dogo. Kiini cha manjano kisikudanganye, mahindi ya njano hukileta hata kwa kuku aliyefungiwa.

3. Vizimba vya waya. Mayai ni safi, na kuku hakanyagi kinyesi. Ila nafasi yake ni kama karatasi ya A4, bila kiota wala pa kukunjua mabawa. Umoja wa Ulaya ulivipiga marufuku vya aina hii mwaka 2012. Zabuni inayouliza bei tu huangukia hapa.

4. Mayai ya dalali. Mengine yamevuka Busia kutoka Uganda. Huna banda la kukagua.

Ukimpata mfugaji wa aina ya kwanza, mlipe mapema. Yeye hununua chakula cha kuku kila wiki. Ukingoja mwisho wa muhula, trei zake zitauzwa soko la Kibuye.