Boya la kuvulia mikizi: lipi ununue, lipi uliache dukani

Mkizi hamezi chambo kwa pupa. Hukivuta kinywani pamoja na maji, hukionja, na akihisi kitu kinamzuia hukitema papo hapo. Ndiyo maana mtu aliyezoea kuvua changu au chewa kwa mshipi wa mkono anaweza kushinda ukingoni mwa hori, ule mkono wa bahari unaoingia bara, akiwatazama mikizi wakipita kwa makundi, asiambulie hata mmoja. Chambo chake ni kizuri na fimbo yake haina neno. Kinachomkosesha ni boya.

Kwa hiyo kama mnapanga wikendi ya kuvua mikizi, wewe na wenzako, na mmeshachanga pesa ya vifaa, nawasihi mwanze na boya kabla ya fimbo na rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi. Bei yake ni ndogo sana, lakini ndilo litakaloamua kama jioni mtakuwa na samaki wa kuchoma. Maboya nimeyapanga kwa ubora, kuanzia lile ninaloliamini kuliko yote. Hesabu yangu ni ya maji ya pwani yetu: hori zenye mikoko kama Mtwapa na Kunduchi, midomo ya mito kama Pangani, na magati ambayo maji yake ni matulivu. Kina kirefu nje ya mwamba kina mambo yake.

Samaki mwenyewe kwanza

Mkizi wa kawaida, ambaye wataalamu humwita *Mugil cephalus*, yupo katika bahari nyingi za joto duniani, na huingia bila shida kwenye maji ya chumvichumvi na hata ya mto. Chakula chake kikubwa ni ukoga, vijimea vidogo mno na mabaki yaliyooza juu ya matope. Huyachota pamoja na tope, hulichuja, na kilichobaki husagwa na sehemu ya tumbo yenye misuli minene kama firigisi ya kuku. Maji yakipwa, tembeeni mtazame matope: mkiona michirizi midogo iliyokwenda sambamba, hapo ndipo walipokuwa wakila, na maji yakijaa watarudi palepale.

Wahenga wamesema hasira ya mkizi ni furaha ya mvuvi, kwa kuwa akishtuka huruka juu na pengine akaangukia ndani ya mtumbwi. Lakini mkizi anayekula hana hasira hata chembe. Ni mpole, ana shaka, na midomo yake ni laini. Boya linalomfaa ni lile linalozama kwa nguvu ndogo kabisa, na kipimo hicho ndicho nilichotumia kupanga daraja zote hapa chini.

La kwanza: boya la kijiti

Ni jembamba na refu, kwa kawaida sentimita 15 hadi 25, na hushikwa na mshipi kwa ncha yake ya chini tu. Muuzaji huenda halijui kwa jina hilo, kwa hiyo mweleze umbo lake: "Kaka, naomba lile boya jembamba lenye tundu chini, la gramu tatu." Gramu zilizoandikwa ubavuni, 2, 3 au 4, ni kiasi cha risasi, vile vizito vidogo vya kuzamisha chambo, ambacho boya linaweza kubeba. Wanunuzi wengi hudhani ni uzito wa boya lenyewe, wakaondoka na kubwa kuliko wanavyohitaji. Kwa hori tulivu gramu 2 zinatosha. Penye mkondo kidogo, au mnapolazimika kurusha mbali, chukueni gramu 4.

Nimeliweka juu ya yote kwa sababu mbili. Kwanza, ncha yake ni nyembamba mno, kwa hiyo mkizi akivuta chambo haoni kizuizi. Tena linaonyesha hata yale maguso ambayo maboya mengine huyaficha: wakati mwingine mkizi huokota chambo na kupanda nacho, na badala ya kuzama, boya huinuka likalala juu ya maji. Hapo vuta, huyo ameshashika.

Pili ni upepo. Kusi ikivuma kuanzia mwezi wa nne na kuendelea, mshipi ulio juu ya maji hupigwa tao na boya likakokotwa pamoja nao. La kijiti limeshikwa chini, hivyo ukisharusha unazamisha ncha ya fimbo majini, unazungusha rili mara mbili tatu, na mshipi wote unakuwa chini ya uso wa maji. Boya linatulia. Boya lililofungwa juu na chini haliwezi kukupa nafuu hiyo.

Dukani, libiringishe juu ya meza. Likirukaruka limepinda, omba jingine. Kagua rangi kama haina ufa, maana maji yakishaingia kwenye mti mwepesi boya limekwisha. Angalia pete ya chini isiwe ya chuma kinachoshika kutu. Lenye unene kidogo upande wa chini hutulia zaidi kwenye viwimbi. Kuhusu rangi ya ncha, nyekundu au ya machungwa inaonekana vizuri kwenye kivuli cha mikoko, lakini jua likipiga maji yakametameta, nyeusi ndiyo inayoonekana. Nunua zote mbili.

Kisha kuna kazi ambayo wengi huiruka, nayo ndiyo inayolipa boya thamani yake: kulipima. Unabana risasi ndogo kwenye mshipi, nyingi zikiwa karibu na boya na mbili ndogo chini kuelekea ndoana, mpaka ibaki juu ncha ya sentimita moja hivi. Msipimie nyumbani kwenye ndoo ya maji ya bomba mkadhani kazi imekwisha. Maji ya bahari ni mazito zaidi, hubeba zaidi, na boya lililokaa sawa kwenye ndoo litasimama juu mno baharini. Mdomoni mwa mto hali hubadilika kutwa: maji yakijaa ni ya chumvi, yakipwa ya mto yanashuka, na boya lilelile linaanza kuzama kwa uzito wake. Kaeni na risasi moja ndogo ya kuongeza au kupunguza. Na risasi zibanwe kwa koleo, kamwe si kwa meno, kwani madini yake ni sumu.

La pili: boya la maji

Ni kitufe cha plastiki angavu, cha mviringo au umbo la yai, chenye kizibo. Unakitia maji kiasi ili kipate uzito wa kurushwa, bila kuhitaji risasi hata moja. Kazi yake ni moja, na huifanya vizuri: kuna saa mikizi huacha matope wakapanda, midomo ikichungulia juu ya maji, wakinyonya utando unaoelea. Hapo boya la kijiti halina la kufanya. Chomeka ndoana kwenye ganda la mkate linaloelea, liache nyuma ya boya la maji kwa mita moja na nusu hivi, kisha lirushe mbele ya kundi, kamwe si katikati yake.

Upungufu wake ni kwamba lazima uwe na fimbo yenye rili, na yale ya bei ya chini kizibo chake huvuja. Lijaribu kwa kulijaza maji dukani na kulitikisa. Hata kundi la watu wanne linahitaji mawili tu.

La tatu: boya la ndala

Wavuvi wetu wamekata sponji za ndala kuwa maboya ya nyavu kwa miaka mingi, na ndala kuukuu haziishi ufukweni. Kata kipande chembamba kwa wembe, urefu wa kidole kidogo, kipenyeze mshipi, kisha kibane kwa kijiti cha kuchokonolea meno. Ukilichonga jembamba na kulipima kwa risasi, linashinda mengi ya kununua. Nimeliweka la tatu kwa kuwa sponji hukamata upepo na halirushiki mbali. Kwa mwanzi usio na rili, ukikaa kwenye mizizi ya mikoko na samaki wako miguuni pako, lingeweza kuwa la pili. Kama mnakuja na watoto, wachonge wenyewe, watalitazama boya lao kwa makini kuliko mtu mzima yeyote.

La nne: boya la kuteleza

Hili hupita huru kwenye mshipi mpaka likutane na fundo dogo na ushanga unaolizuia. Faida yake ni kuvua kina kinachozidi urefu wa fimbo, kwa mfano ukiwa juu ya gati maji yamejaa. Mikizi wengi mtakaowakuta watakuwa kwenye maji ya kiunoni, kwa hiyo hamtalihitaji sana. Mkilinunua, chagueni jembamba. Mengi yanayouzwa ni manene, yametengenezwa kwa samaki wenye kinywa kikubwa.

La mwisho: mpira mwekundu na mweupe

Ndilo linaloning'inia mlangoni mwa kila duka, na ndilo linalowekwa kwenye zile pakiti za fimbo, rili na vikorokoro vyote pamoja. Liacheni. Mduara wake unahitaji kuvutwa kwa nguvu ndipo uzame, na mkizi haendi hivyo: atahisi kizuizi, atatema, nanyi mtaona boya limetulia tuli kana kwamba hakuna samaki. Kwa perege wa bwawani halina ubaya. Kwa mkizi, hata likitolewa bure nisingelifunga.

Pesa inayobaki

Boya jepesi juu ya mshipi mnene ni kazi bure. Nunueni nailoni angavu ya unene wa milimita 0.18 hadi 0.20. Nyuzi za kusukwa ziacheni: hazinyumbuki, hivyo huchana mdomo wa mkizi, na majini zinaonekana. Chukueni nailoni ya akiba pia, kwa kuwa chaza walioshika kwenye mizizi ya mikoko hukata kama wembe.

Ndoana ziwe namba 8 hadi 12, na kumbukeni namba ikipanda ndoana inakuwa ndogo. Kumi ni ya katikati, anzeni nayo. Iwe ya waya mwembamba, ncha kali inayoshika kwenye ukucha. Fimbo ya mita 3 na nusu hadi 4 na nusu, yenye ncha laini inayopinda, inatosha hata kama ni ile ya vipande vya kuchomoa isiyo na rili. Fimbo ngumu ya nini, ije ing'oe ndoana mdomoni?

Kitu kimoja msikikose ni kiwavu chenye mpini mrefu. Kimoja kinatosha kwa kundi zima. Mkizi akifikishwa ukingoni hupiga mbio za mwisho, na anayejaribu kumnyanyua kwa mshipi humpoteza hapohapo.

Chambo hakina gharama: boflo. Nyama nyeupe ya mkate, ikibanwa kidogo kwenye ndoana ili pembeni ibaki laini, humvuta mkizi kuliko kamba au ngisi. Mikate ya jana ilowekeni, ivurugeni na mchanga kidogo ili izame, mmwage kiganja kimoja kimoja kila baada ya muda. Mtu mmoja apewe kazi hiyo. Wanne mkimwaga kila mtu kwa wakati wake, samaki watashiba au watatawanyika.

Wikendi yenyewe ichagueni kwa mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya pwani yetu hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na mkondo wake horini ni mkali. Siku za maji mafu yanajaa karibu na saa nne asubuhi, mkondo ni mpole, na boya la gramu 2 linakaa. Mimi nachagua maji mafu. Na kama ratiba zenu zinaruhusu, matlai, kile kipindi cha utulivu kati ya kusi na kaskazi, ndicho kizuri kuliko vyote kwa uvuvi wa boya.

Kabla ya kufunga hata ndoana moja, piteni kwa BMU ya eneo hilo, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, mkawaamkie wazee na kuuliza kuhusu leseni na mipaka. Ndani ya hifadhi za bahari masharti ni makali zaidi. Pangani msipande mtoni na kuingia majini kwa miguu, mto ule una mamba.

Kwa watu wanne, orodha yangu ni hii: maboya ya kijiti manane, nusu ya gramu 2 na nusu ya gramu 4, ncha nyekundu na nyeusi, maboya ya maji mawili, ndala moja kuukuu na wembe, nailoni mbili, pakiti mbili za ndoana namba 10 na moja ya namba 12, boksi moja la risasi ndogo za saizi mchanganyiko pamoja na koleo, kiwavu kimoja. Maboya yafungeni kwenye kipande kigumu cha bomba la plastiki, kwa sababu mengi huvunjikia ndani ya begi kabla hayajaona maji. Jumapili jioni yaosheni kwa maji yasiyo na chumvi, pamoja na rili na ndoana, na kila kipande cha nailoni kilichokatika kiondoke na ninyi: ndege na kasa hunaswa humo.