Mlango wa nyuma: tathmini ya safari ya ndege ndogo iliyokatika mara baada ya kupaa

Tathmini hii nimeiweka kando kwa miezi miwili ili hasira zipoe, maana ningeiandika siku ile ningemkosea haki rubani au kampuni yake. Ilikuwa safari ya kukodi kutoka kiwanja cha changarawe ndani ya Serengeti kwenda Arusha, nasi tulikuwa abiria wanne katika Cessna 206, ndege ya injini moja yenye viti sita pamoja na cha rubani. Jina la kampuni silitaji kwa kuwa shauri letu la fidia bado halijakwisha.

Mapokezi yalikuwa ya kawaida. Mizigo ilipimwa, kilo 15 kwa kila mtu katika mabegi laini, kisha nasi tukapandishwa kwenye mizani mmoja mmoja, jambo lililomchukiza mwenzetu mmoja. Mimi sina neno hapo, kwa sababu ndege hiyo hairuhusiwi kupaa ikizidi kilo 1,633 kwa jumla, na mizani haina mkubwa. Kadi ya maelekezo ya usalama, hata hivyo, ilikuwa imefifia hata mchoro wa mlango ukabaki kivuli tu.

Na mlango ndio uliohitaji maelezo kuliko kitu kingine chochote. Cessna 206 ina mlango mmoja mbele, upande wa rubani, na mwingine wa mizigo nyuma upande wa kulia, wenye mabamba mawili. Flapu, yale mapande ya nyuma ya bawa yanayoshushwa ndege inapotua, zikiwa chini, bamba la mbele la mlango huo hugota kwenye flapu na kubaki wazi kidogo tu. Asiyejua atasukuma mpaka achoke. Anayejua atapenyeza mkono kwenye upenyo huo, avute komeo lililo ukingoni mwa bamba la pili, na bamba hilo litafunguka. Wachunguzi wa ajali wa Kanada wameuandika mlango huu zaidi ya mara moja, kwa sababu ya ndege za aina hiyo zinazotua majini kupinduka na abiria kushindwa kutoka.

Rubani wetu alilijua hilo. Kabla ya kuwasha injini alishusha flapu, akaniita kwa kuwa kiti changu kilikuwa karibu na mlango, akasema, "Kaka, leo mlango ni wako," kisha akanifanyisha mara mbili, mara ya pili nikiwa nimefumba macho. Niliona anapoteza muda.

Tulipaa vizuri. Tulipofika kama futi 400, mlio wa injini ulipasuka, ukarudi, ukapasuka tena, na pua ya ndege ikainama. Mkono wa rubani ulipita kwenye pampu ya mafuta na swichi ya matangi bila papara, lakini nguvu haikurudi. Hakujaribu kurudi kiwanjani, na nimekuja kuelewa kwamba hapo ndipo alipotuokoa: kurudi kunataka kukata kona zaidi ya nusu duara, na ndege inayolazwa ubavu ikiwa chini na bila nguvu hupoteza mbebo wa mabawa na kuanguka kabla kona haijaisha. Alichagua uwanda wa mbele yake, uliokuwa na nyasi zilizoungua, akaufungua mlango wake kidogo ili usije ukabana, akazima umeme na mafuta, akatua. Gurudumu la mbele liliingia shimoni na kuvunjika karibu na kichuguu. Flapu zilibaki chini. Nilipenyeza mkono, nikavuta komeo, tukatoka watatu kwa nyuma, naye akatoka na abiria wa mbele. Hakuna aliyeumia zaidi ya michubuko ya mkanda.

Ofisini mambo yalikuwa mengine. Jioni ile ile nilipokea ujumbe wa simu ukinishukuru kwa kusafiri nao na kuniomba nitoe alama za huduma. Mizigo ilifika siku ya nne. Barua ya maelezo, iliyochukua wiki tano, inasema kiungo cha bomba la mafuta kilikuwa kimelegea. Haisemi kilikazwa lini, wala aliyekikagua alikuwa na sifa gani, na maswali hayo mawili nimeyauliza kwa maandishi mara tatu.

Rubani nampa nyota 5, ofisi nyota 1, na nyota ya pili nitaiongezea ofisi siku nitakapojibiwa. Anayekodi Cessna 206, ya kampuni yoyote, aombe kuonyeshwa mlango wa nyuma flapu zikiwa chini, na akiambiwa hakuna haja, ashuke. Mwezi uliopita nilipanda nyingine kwenda Mwanza. Rubani hakuonyesha chochote, nikamwomba ashushe flapu. Alicheka, akazishusha, na bibi aliyekaa karibu na mlango akajaribu mwenyewe mpaka akaweza.